Mali Bila Daftari: Kazi ya Mkutubi wa Somo Katika Maktaba ya Dijitali

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu, mkutubi mstaafu wa chuo kikuu, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika katika bwalo la shule. Inachapwa hapa kwa ombi la wanachama waliokuwapo, na kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wazee mliokubali kusafiri ili kuja kutazama kama mlitufunza au mlipoteza chaki bure, wanachama wenzangu, na ninyi vijana wa kidato cha sita mliopanga viti hivi:

Kwanza kabisa naishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusema mbele yenu. Miaka yote niliyokaa katika shule hii nilisimamishwa mbele ya bwalo hili mara moja tu, na sababu yake ilikuwa kukaa na kitabu cha maktaba wiki tatu baada ya siku yake. Mwalimu wa zamu alisema siku ile kwamba sitakuwa na amani na vitabu maisha yangu yote. Maneno yake yalitimia, maana nimefanya kazi katika maktaba ya chuo kikuu tangu ujana mpaka kustaafu.

Ndugu Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie maktaba za siku hizi, zile ambazo mtu husoma kitabu kwenye kompyuta au simu bila kugusa karatasi. Aliongeza kwamba Kamati inakusudia kuchangisha fedha za kununua mashine ya kuskani, ili nyaraka za shule zilizomo katika ghala nyuma ya ofisi zisizidi kuliwa na mchwa. Nia hiyo ni njema, nami naiunga mkono. Lakini kabla hatujatoa fedha mfukoni nataka niwaeleze jambo nililojifunza kwa gharama, na sehemu ya gharama hiyo ni makosa yangu mwenyewe.

Wengi wetu tukisikia neno mkutubi tunamfikiria mtu aliyekaa mlangoni na mhuri, anayetoa vitabu, anayedai faini na kusema "Nyamazeni!" Kazi hiyo ipo, nayo ni ya heshima. Ila katika maktaba ya chuo kikuu yupo mtu mwingine, ambaye ni mkutubi wa somo. Huyu amekabidhiwa taaluma moja au mbili azitunze: mmoja sheria, mmoja tiba, mmoja kilimo, mwingine historia na lugha. Anawajua walimu wa idara yake na anajua wanafundisha nini muhula huu. Anajua wachapishaji, anajua kitabu gani kimepitwa na wakati na kipi hakina badala. Mwanafunzi akija na swali lililopinda, yeye ndiye wa kulinyosha. Mimi nilikuwa mkutubi wa historia na Kiswahili.

Kompyuta zilipoingia, na baadaye intaneti, watu wengi walidhani kazi ya mkutubi huyu imekwisha. Walisema kwamba mashine itanakili kila kitu, na msomaji ataandika neno moja na kupata jibu. Jambo la namna hiyo huvutia sana wakati wa kupanga bajeti, kwa sababu mashine hununuliwa mara moja na mtu hulipwa kila mwezi. Basi ngoja nieleze kwa mifano kwa nini mambo hayakwenda hivyo.

Mfano wa kwanza ni wa hapa kwetu pwani, nao ni wa zamani kuliko kompyuta. Wengi mnamjua Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, kwa kuwa tulimsoma katika darasa la fasihi. Muyaka alifariki mwaka 1840. Mashairi yake mengi yalibaki katika vichwa vya watu na katika karatasi za hapa na pale kwa miaka zaidi ya arobaini. Kisha mwanachuoni wa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, akayakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akayafafanua, akimsaidia mmisionari Mwingereza aliyeitwa W. E. Taylor. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Karatasi hizo zilifika London, na leo zimo katika maktaba ya chuo cha SOAS. Mwaka 1940 William Hichens alichapisha diwani ya Muyaka akitumia kazi hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 SOAS ilifanya mradi wa kuorodhesha upya miswada yake ya Kiswahili, na siku hizi mtu aliye Mombasa au Muscat anaweza kuangalia baadhi yake kwenye intaneti.

Ndugu zangu, katika safari hiyo ndefu, ni nani aliyeyaokoa mashairi? Aliyeyaokoa ni yule aliyeyajua. Mwalimu Sikujua alijua shairi lipi ni la Muyaka na lipi la mtu mwingine, na neno gani la zamani lina maana gani. Lau angenakili maneno peke yake bila ufafanuzi, leo tungekuwa na picha safi za kitu tusichokielewa. Kwa maoni yangu huyo alikuwa mkutubi wa somo wa kwanza wa Kiswahili, ingawa hakuna aliyempa cheo hicho.

Mfano wa pili ni wa Dar es Salaam. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alikusanya miswada ya Kiswahili na Kiarabu pamoja na kanda za sauti kutoka kwa watu wa pwani, ikawekwa katika maktaba ya iliyokuwa University College ya Dar es Salaam. Mwaka 1970 orodha yake ilichapishwa kuwa kitabu huko Leiden, Uholanzi. Orodha hiyo ilitengenezwa kwa taipureta, kabla hata mmoja wetu hajaona kompyuta. Lakini yeyote anayetaka kuiweka miswada ile kwenye dijitali itampasa kuanzia pale, kwa sababu hapo ndipo palipoandikwa kila kitu ni kitu gani.

Labda mtu atauliza: kompyuta za leo si zinasoma zenyewe? Naam, maandishi yaliyochapwa zinasoma, tena vizuri. Lakini chukueni mswada wa Kiswahili ulioandikwa kwa mkono kwa hati za Kiarabu. Kiarabu hakina herufi ya sauti p. Waandishi wetu wa zamani walitumia herufi moja, ile ya ba, kwa b, kwa p na hata kwa mb. Kwa hiyo baba, papa na pamba huweza kuandikwa namna moja. Anayeijua lugha anaposoma ubeti mzima hupata maana mara moja, lakini asiyeijua, awe mtu au mashine, hubahatisha.

Hali kadhalika majina. Upo utenzi mrefu wa Bwana Mwengo ambao mswada wake ulioko Hamburg, Ujerumani, una tarehe ya mwaka 1141 wa Hijra, yaani 1728. Wengine huuita Utenzi wa Tambuka, wengine Utenzi wa Herekali, wengine Chuo cha Herkal. Ikiwa maktaba moja imeandika jina hili na ya pili jina lile, msomaji atapata nusu ya habari na kudhani amepata yote. Kompyuta haitamwambia kwamba majina matatu ni ya utenzi mmoja mpaka awepo mtu wa kuiambia kompyuta. Na mwaka 1141 ukiingizwa kama ulivyo, bila kutaja Hijra, utenzi wetu utazeeka kwa karibu miaka mia sita siku moja!

Sasa nije kwenye makosa yangu.

Katika miaka ile ya kwanza ya intaneti maktaba niliyokuwa nikifanya kazi ilipata fedha za mradi wa kuskani. Fedha zilikuwa na tarehe ya mwisho, na taarifa tuliyotakiwa kupeleka ilikuwa na swali moja kubwa: kurasa ngapi? Wakaajiriwa vijana wawili, wachapakazi kweli kweli, wakawa wanaskani tangu asubuhi hadi jioni. Kila Ijumaa waliniletea orodha ya vitu vya idara yangu niikague na kuisaini. Mimi nilikuwa na wanafunzi mlangoni na mikutano mingi, na kwa kweli niliona kazi ile ni ya mafundi. Nikawa nasaini bila kufungua hata faili moja.

Mwaka uliofuata akaja mzee mmoja kutoka pwani. Familia yake ilikuwa imetupatia daftari la babu yao lililoandikwa kwa mkono, nasi tuliwaahidi kwamba litaonekana na vizazi vyote. Nikamwamkia, nikamkaribisha kiti mbele ya kompyuta. Tulitafuta kwa jina la babu yake, hapakuwa na kitu. Tulitafuta kwa jina la utenzi, hapakuwa na kitu. Baada ya saa nzima tulilikuta, limeandikwa "Kitabu cha Kiarabu, hakina mwandishi, hakina tarehe." Mzee akavaa miwani, akasoma kidogo, akanitazama. Akasema, "Mwanangu, hiki si Kiarabu. Hiki ni Kiswahili. Tena mmekianzia mwisho."

Ilikuwa kweli. Vijana wale hawakujua kwamba kitabu cha hati za Kiarabu hufunguliwa upande wa kulia. Walikiskani kuanzia kushoto, kama tufunguavyo vitabu vya darasani, hata utenzi mzima ukawa unakwenda kinyumenyume. Hiyo ilikuwa nusu ya aibu. Ndani ya daftari mlikuwa na kikaratasi kimelegea, ambacho nilikiona kwa macho yangu siku tulipolipokea, chenye jina la aliyenakili, mji na mwaka. Vijana walikitoa ili ukurasa ukae sawasawa kwenye kioo cha mashine. Hatukukiona tena. Tulipekua masanduku na makabati siku mbili, tukafungua hata mifuko ya takataka. Hapana.

Yule mzee hakunikemea, na afadhali angenikemea. Aliketi, akaniambia yale aliyoyakumbuka kuhusu kile kikaratasi, nami nikaandika. Jina alilikumbuka, na mji pia. Mwaka hakuwa na hakika nao. Daftari tuliliskani upya kwa mpangilio wake, tukaliandikia maelezo kamili, lakini mahali pa mwaka pamebaki wazi hadi leo. Msomaji akiona nafasi ile hudhani wazee wetu hawakujali tarehe. Wazee walijali, waliandika. Aliyepoteza ni mkutubi aliyesaini bila kutazama.

Tangu siku ile sikukubali kitu cha idara yangu kipelekwe kwenye mashine kabla sijakaa nacho. Na hapo ndipo nilipoielewa kazi ya mkutubi wa somo katika zama hizi. Nitaigawa katika mambo matatu.

Jambo la kwanza ni kuchagua. Hakuna maktaba iwezayo kuskani kila kitu, na si kila kitu kinafaa kuskaniwa. Kuna vitabu ambavyo wenzetu wa nchi nyingine wamekwisha viweka kwenye intaneti, na kuvirudia ni kupoteza fedha. Kuna vitu ambavyo viko kwetu tu duniani, na hivyo ndivyo vya kutangulia. Kadhalika katika majarida ya kitaaluma. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji walianzisha mpango uitwao HINARI, ambao ulivipa vyuo vya nchi maskini nafasi ya kusoma majarida ya tiba bure au kwa bei ndogo. Msaada huo ni mkubwa. Lakini majarida mengi ya dijitali maktaba haiyanunui ila inayapanga, kama mtu apangavyo nyumba. Kodi ikikatika, mara nyingi unakuta rafu tupu. Kwa hiyo lazima awepo mtu anayejua yapi yanasomwa kweli na yapi yanalipiwa kwa mazoea.

Jambo la pili ni kueleza, yaani kukipa kila kitu jina lake, mwandishi wake, mahali pake na wakati wake, kwa namna ambayo msomaji atakikuta. Mwaka 2002 chuo kikuu cha Northwestern, karibu na Chicago, ambacho kina maktaba mashuhuri ya mambo ya Afrika, kilinunua mkusanyo wa Winterton, wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, nazo zikawekwa kwenye intaneti. Zitazameni mtakapopata nafasi. Palipo na maelezo, utaambiwa huu ni mtaa gani na kazi gani inafanywa. Pasipo na maelezo, utaona uso wa mtu tu. Mpiga picha aliandika jina la Mzungu mwenzake, na wabeba mizigo akawaandika "wabeba mizigo." Hakuna mashine itakayowarudishia watu hao majina yao.

Jambo la tatu ni kushika uaminifu kati ya maktaba na watu. Aliyetupa daftari la babu yake anayo haki ya kuulizwa: je, lionekane na dunia nzima, au lisomwe humu ndani tu? Mwalimu aliyeandika tasnifu ana haki zake pia. Swali la namna hiyo halijibiwi na fundi wa mashine. Hujibiwa na mtu anayejulikana kwa sura, ambaye familia inaweza kumwendea kumwuliza.

Msidhani kwamba nazipinga mashine. La hasha. Tarehe 18 Aprili 2021 moto ulioshuka kutoka mlimani uliunguza Maktaba ya Jagger katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Vitabu na machapisho yapata 70,000 ya mkusanyo wa taaluma za Afrika yaliteketea. Vilivyokuwa vimekwisha nakiliwa vimebaki angalau kwa picha. Msiba ule ulitufundisha sote kwamba nakala ni ulinzi. Lakini kumbukeni pia kwamba siku chache haziwezi kutosha kunakili kila kitu moto ukiwa unakuja. Lazima mtu awe ameamua mapema nini kitangulie, na mtu huyo ni yule anayeujua mkusanyo wake kwa miaka mingi.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, nirudi kwenye ghala letu nyuma ya ofisi. Jana kwa ruhusa ya Ndugu Mkuu wa Shule niliingia humo na taa ya mkononi. Nilikuta magazeti ya shule ya zamani, madaftari ya mahudhurio, programu za michezo ya kuigiza, na sanduku mbili za picha. Nilikuta pia daftari la adhabu. Jina langu limo, na la Ndugu Mwenyekiti limo mara nne.

Kwanza, basi, tuchague. Daftari la adhabu na faili za wagonjwa wa bweni zihifadhiwe, lakini zisiwekwe kwenye intaneti. Wajukuu wa watu wanasoma shule hizi hizi. Magazeti na programu yatangulie, kwa kuwa karatasi yake imeanza kuvunjika.

Pili, zile picha. Nilihesabu thelathini na tisa za timu na mabweni ambazo nyuma yake hapakuandikwa lolote. Katika moja nilimtambua rafiki yangu aliyekuwa mlinda mlango wetu, ambaye tulimzika mwaka juzi. Waliosimama pembeni yake sikuwatambua wote. Mwalimu wetu mkongwe, aliyeketi pale mbele, nilimwonyesha picha hiyo leo asubuhi kabla ya chai. Alitaja majina tisa kati ya kumi na moja bila kusita, na mabweni waliyolala. Mwalimu ana umri wa miaka themanini na minane. Yeye ndiye orodha yetu, nasi hatujamnakili.

Kwa hiyo ombi langu kwa Kamati ni hili. Mashine inunuliwe, lakini isiwe ya kwanza. Kabla ya mchango wa fedha tuanze na mchango wa majina. Picha zile ziwekwe leo juu ya meza zile ndefu, na vijana wa kidato cha sita wakae na kalamu za risasi na madaftari, si kalamu za wino, wala wasiandike juu ya picha zenyewe. Kila picha ipewe namba. Kila mmoja wetu apite, ataje anayemjua, mahali na mwaka. Tusipokubaliana, yaandikwe majina yote mawili pamoja na jina la aliyeyataja. Wateuliwe pia watu wawili au watatu wa kusimamia: mmoja michezo, mmoja taaluma, mmoja maisha ya mabwenini. Hao watakuwa wakutubi wetu wa somo. Hawahitaji shahada. Wanachohitaji ni kujua mambo yale, na kutokuona haya kuwauliza wengine.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi nimeona daftari lenyewe likipotea bila habari, huku mashine ya bei kubwa ikinguruma pembeni na mimi nikisaini. Sitaki tufanye hivyo katika shule iliyotulea.

Nimeambiwa chakula ki tayari. Namwomba Ndugu Mwenyekiti aruhusu picha zipangwe kabla ya pilau na si baada yake, kwa maana baadhi yetu tukishashiba hukumbuka kidogo.